Balqees wa Lyari

Mara ya kwanza nilipozungumza na Balqees, sikumpenda.

Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja cha unesi upande wa Bausher, hapa Omani, huu mwaka wa kumi na nane. Kazi yangu ni kuazima vitabu, kupokea vitabu na kuwanyamazisha wanafunzi. Septemba ya mwaka juzi, wiki ya mwanzo ya masomo, alinijia msichana mrefu, mweusi, kajitanda mtandio wa manjano, mkononi kabeba kitabu kizito cha fiziolojia. Nilimwona kama mtoto wa jirani. Sura ile naijua. Nimekua nayo Unguja mpaka nilipofika miaka kumi na mbili tukahamia huku, na huku nnaiona kila siku majumbani mwetu. Basi nikamwambia kwa Kiswahili, "Karibu mwanangu. Wewe wa akina nani? Mama yako nani?"

Akanitazama. Nikarudia. Akasema kwa Kiingereza kuwa samahani, hafahamu, na akanisogezea kitabu.

Hapa kwetu wako vijana waliolelewa kwa Kiswahili, bibi zao hawana lugha nyingine ya kuwagombezea, nao wakifika chuoni wanajifanya hawakijui. Nikamdhania ni mmoja wao. Nikamwandikia kitabu chake nimekunja uso, na jioni nilipofika nyumbani nikamweleza mume wangu, Amur, habari ya msichana mmoja mwenye maringo.

Ilipita wiki nzima kabla sijaitazama kadi yake ya maktaba vizuri. Mahali alipozaliwa: Karachi. Uraia: Pakistani.

Niliona haya, lakini si haya ya kunitosha kwenda kumwomba radhi. Aliporudi nikamwambia tu kwa Kiingereza kuwa kitabu kinakaa siku kumi na nne.

Mengine yote nimeyajua baadaye, kidogo kidogo, kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwao ni Lyari, mtaa mkongwe wa Karachi, karibu na bandari, ambako baba yake ni mwendesha winchi. Yeye ni mtoto wa pili katika watano. Nyumbani wanasema Kibaluchi, skuli alisoma kwa Kiurdu, na Kiingereza alikipata vitabuni. Alitaka unesi tangu alipolazwa kwa homa ya dengi akiwa darasa la saba, akamwona nesi mmoja anavyotembea wodini kama mwenye nyumba. Watu wake wanaitwa Masheedi, Wapakistani wenye asili ya Afrika. Wako huko kwa mamia ya miaka. Nani alivuka na nani, kwa hiari au kwa kufungwa, kwao hakuna anayekumbuka, na Balqees hakuwahi kuona kuwa ni jambo la kumkosesha usingizi. Lyari watu wa sura yake ni wengi. Hakuna aliyemuuliza lolote mpaka alipoondoka.

Usiku alioingia dakhalia, bweni la chuo, alikuta amepangwa chumba kimoja na msichana wa Lahore. Yule msichana alimsalimu kwa Kiingereza cha polepole, kama anayesema na mgeni wa mbali. Balqees akamjibu kwa Kiurdu. Mwenzake akacheka kwa mshangao, akauliza, "Wewe Mpakistani kweli?" Halafu akauliza kwao khasa ni wapi. Balqees akasema Lyari. Na kabla ya Lyari? Akasema kabla ya Lyari pia ni Lyari. Yule msichana hakuwa mbaya. Alimgaia hata achari aliyopewa na mama yake. Lakini alipowaita wenzake wengine wa Pakistani waje kunywa chai, aliwatangazia, "Njooni mumsikie anavyosema Kiurdu," na Balqees akakaa katikati yao akiwa kitu cha kusikilizwa.

Darasani mambo yalikuwa mazito. Karachi alizoea kukariri, na alikuwa hodari wa kukariri kuliko darasa zima. Huku mwalimu wa fiziolojia alisema mbio, kisha akasimama na kuuliza, "Nyinyi mnaonaje?" Balqees hakujua kuwa mwanafunzi naye anatakiwa aone lolote. Aliandika mpaka mkono ukamuuma, akarudi chumbani na kurasa kumi na mbili asizozielewa. Wanafunzi wa Kiomani walikuwa wapole, walimwita kwa Kiarabu akae nao, na alipoonekana hajui Kiarabu wakajaribu Kiswahili walichookota kwa rafiki zao. Hilo nalo likagonga ukuta.

Kuna siku alikwenda dukani kununua mafuta ya nywele. Mama mmoja aliyekuwa mbele yake katika foleni aligeuka, akamkabidhi mtoto mchanga, akaendelea kutoa vitu vyake kwenye kigari. Alidhani ni shaghala, mtumishi wa nyumbani, aliyekuja na bibi wa nyuma yake. Balqees hakujua amkatalie kwa lugha gani. Akampakata yule mtoto mpaka mama yake alipomaliza, akampokea bila ya kumtazama usoni, akaondoka. Balqees akayaacha mafuta palepale. Kwa wiki mbili hakwenda tena dukani; akawa anaishi kwa biskuti za mashine iliyoko chini ya ngazi ya dakhalia na chakula cha mchana cha chuo.

Mtihani wa katikati ya muhula ulipokuja, alipata thelathini na nane kwa mia. Baba yake alipompigia simu kumuuliza, alisema themanini na tatu. Aligeuza tarakimu tu. Baba yake alifurahi mpaka akawahadithia wenzake wa zamu.

Wakati huo mimi haya yote siyajui bado. Nnajua tu kuwa yule msichana wa mtandio wa manjano anakonda.

Ilikuwa Alkhamisi moja ya mwezi wa Novemba. Siku hiyo tunafunga mapema, kwani wanafunzi wanakwenda makwao, Nizwa, Sur, Ibri, kila mmoja na basi lake au kaka yake. Nilizima taa za upande wa nyuma, nikamkuta Balqees amekaa kwenye meza ya mwisho, waya za simu masikioni, macho ameyafumba.

"Tunafunga," nikamwambia.

Akashtuka, akaanza kukusanya vitu vyake.

"Dakhalia wamefunga?"

"Hapana, Anti. Iko wazi."

"Basi mbona hujaenda?"

"Hakuna mtu," akasema. Mwenzake wa Lahore alikuwa na ami yake Ruwi, huenda kwake kila mwisho wa wiki. Jengo zima wanabaki watatu, wanne, na kila mmoja anajifungia chumbani kwake.

Nikamuuliza alikuwa anasikiliza nini. Alisita, kisha akanipa waya moja nikaitia sikioni. Nilitarajia muziki. Nikasikia sufuria, maji yanamiminwa, mtoto analia, mwanamke anamkemea mtu kwa mbali, pikipiki inapita. Mama yake huiweka simu kwenye rafu ya jikoni anapopika, akaiacha wazi saa nzima bila ya kusema naye. Balqees alikuwa amemwomba hivyo.

Nikavuta kiti. Nikamwambia kuwa ile siku ya kwanza nilimsemesha kwa lugha yetu, na aliposema hafahamu nilimwekea kinyongo, na nilikosea. Akasema si kitu, kila mtu humsemesha hivyo. Nikamwambia kesho Ijumaa nitakuja kumchukua ale kwetu.

Nyumba yetu iko Sidab, juu kidogo ya wavuvi. Ijumaa hukusanyika watu wa Amur, na mkubwa wao ni shangazi yake, bi Khole, mwenye miaka themanini na mbili na ulimi wa miaka ishirini. Nilikuwa nimeshawaeleza kwa simu habari ya mgeni wangu, na nilieleza kwa furaha kupita kiasi. Nilisema, "Ni mwenzetu yule, ila amepotelea Pakistani." Ndivyo nilivyosema, na sina wa kumlaumu.

Balqees alikuja na boksi la biskuti, amevaa nguo yake nzuri yenye darizi za Kibaluchi kifuani, vioo vidogo vidogo vinametameta. Bi Khole alimketisha karibu yake, akamshika kidevu, akamgeuza uso huku na huku.

"Huyu wa Makunduchi wallahi," akasema. "Tazameni paji hilo. Mie nna shoga yangu alikuwa hivi hivi. Kheiria, mfasirie."

Nikamfasiria. Balqees akatabasamu.

"Mwambie kwao Unguja. Mwambie aende akatafute ukoo wake, asikae na watu wasio wake."

Hilo nalo nikalifasiria, nikalilainisha. Mashemeji zangu wakaingia. Mmoja akamfundisha kusema "shikamoo", wote wakacheka alivyoitamka. Mwengine akampiga picha na bi Khole akaituma kwa jamaa Dubai na London. Simu zikaanza kulia majibu. Kila jibu lilikuwa na rai yake: wa Pemba huyu, wa Kilwa huyu, huyu damu ya Kimanyema. Jinsi watu hao walivyofika Karachi, na nani aliwapeleka, na kama katika waliowapeleka hawakuwamo wazee wetu sisi, hilo kwenye sinia ile halikusemwa na mtu.

Nilimwona Balqees anaacha kula. Chakula kilikuwa biriani, na mwanzoni alikuwa ameniuliza kwa adabu kama kuna pilipili zaidi. Sasa alikuwa anasogeza wali kwa ncha za vidole. Msichana wangu wa kazi, Resty, Mganda, alileta jagi la maji. Balqees alipomwona, aliinamisha macho, asimtazame hata alipokuwa anamjazia gilasi. Bi Khole akawatazama wote wawili, akasema wamefanana kama ndugu. Hilo sikulifasiria, lakini mikono ya bi Khole ilikuwa imeshalisema.

Baada ya muda mfupi Balqees aliniomba nimrudishe chuoni.

Tulirudi kwa njia ya baharini. Tulikuwa tumeshaipita Matrah aliposema, "Anti, huku kila mtu anajua nnakotoka ila mimi. Wapakistani wananiambia mimi Mwafrika. Waafrika wananiambia mimi nimepotea. Mimi sikupotea. Mimi wa Lyari. Nyumba yetu ina mlango wa kijani, na mama yangu yuko ndani."

Alisema kwa sauti ya chini, bila ya ukali, na ndiyo maana ilinikaa. Nikamwambia nisamehe. Akasema asante kwa chakula, akashuka.

Wiki tatu hakuja maktaba nilipokuwapo. Alirudisha vitabu kwa mkono wa wenzake. Nilimtaka Amur ushauri, akaniambia, "Umemwita mtoto aliyekuwa na njaa, ukamfanya maonyesho. Nenda kamwombe radhi, na safari hii usimwite mtu mwengine." Amur hasemi sana, lakini akisema huwa ameshalipima.

Nilimngojea nje ya darasa lake. Nikamwambia sikuja kumkaribisha chakula, nimekuja kumuuliza jambo moja tu, masomo yakoje. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Labda kwa sababu ndilo swali nililopaswa kumuuliza tangu Septemba, mimi mtu wa maktaba. Akaniambia habari ya thelathini na nane, na ya themanini na tatu, na kwamba chuo kitawatumia wazazi barua ya matokeo kabla ya mwisho wa mwezi.

"Njoo kwangu usome," nikamwambia. "Kuna chumba juu, hakina mtu. Sitamwita shangazi."

Akaja Ijumaa ile, na Jumamosi pia. Nilimfungulia chumba, nikashuka, nikajizuia nisipande. Jioni nilimtuma Resty ampelekee chai. Resty hakurudi. Zikapita dakika kumi, ishirini. Nikapanda ngazi kidogo kidogo, nikasikia sauti yake.

"Hapana, dada, umegeuza," Resty alikuwa anasema kwa Kiingereza. "Mshipa unaoingiza damu ndio mpana. Unaotoa ndio mwembamba. Damu inaingia nyingi, mlango wa kutokea mdogo, basi inabanwa, na ikibanwa ndiyo inachujika. Kama tui kwenye chujio, usipolikamua hulipati."

Nikachungulia. Resty ameketi ukingoni mwa kitanda, trei iko sakafuni, kalamu ya Balqees iko mkononi mwake, na anachora figo. Anachora kama mtu aliyekwisha kuichora mara nyingi.

Wakaniona. Resty akasimama. Akanieleza kwa Kiswahili chake alichojifunza nyumbani kwangu, "Samahani, Mama. Mimi nilisoma nursing kule Masaka, miaka miwili. Baba alikufa, nikaacha. Huyu alikuwa anachanganya, nikaona vibaya kunyamaza."

Miaka miwili na nusu Resty Nakimuli alikuwa ameishi nyumbani mwangu. Nilijua anapenda chai ya rangi. Nilijua namba ya viatu vyake, maana nilimnunulia mwenyewe. Nilijua anakwenda kanisani Ruwi kila akipata nafasi. Kwamba amesoma unesi sikujua, kwa kuwa sikumuuliza. Nilimwambia akae chini amalize, na chakula cha usiku nikapika mwenyewe.

Ikawa desturi. Kila mwisho wa wiki Balqees alipanda juu na Resty alimfuata akimaliza kazi, na nilihakikisha anamaliza mapema. Resty hakumpa majibu. Alimuuliza, kama yule mwalimu, lakini polepole: "Mgonjwa huyu hajakojoa tangu asubuhi. Wewe unaonaje?" Na Balqees akajifunza kuona.

Siku moja nilikuwa natandaza nguo roofuni, juu ya nyumba, nikawasikia. Balqees alikuwa anamweleza habari ya yule mtoto wa dukani. Akamaliza, kisha akasema kuwa tangu siku ile aliogopa kuwa karibu na Resty, asije akadhaniwa tena, na kwamba anaona aibu kwa hilo.

"Mimi mwenyewe huku wananiita Kenya," Resty akasema. "Kenya, njoo. Kenya, beba. Sijawahi kukanyaga Kenya ila uwanja wa ndege, saa tatu." Akacheka kidogo, Balqees naye akacheka. Halafu Resty akasema, "Lakini iliniuma ulivyoinamisha macho. Niliona." Balqees akamwambia anajua. Sikusikia zaidi, niliingia ndani.

Barua ya matokeo ilikuwa itoke Jumatatu. Jumamosi yake Balqees alisema atampigia baba yake kabla haijafika, na aliomba tukae naye, mimi na Resty, jikoni. Alizungumza kwa Kibaluchi, hatukufahamu neno ila tarakimu alizozitaja kwa Kiingereza. Tulimwona anavyoushika ukingo wa meza. Kisha akamsikiliza baba yake. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akajifuta kwa mtandio.

Alipokata simu akatufasiria. Baba yake aliuliza kwanza nani mwengine anajua. Akajibu mama mmoja wa maktaba na rafiki yake Resty. Akasema, "Basi tuko wanne. Mama yako tutamwambia ukishafaulu." Halafu akamhadithia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya kwanza alipopandishwa kwenye winchi, alitazama chini, miguu ikakataa. Alikaa juu kule mpaka zamu ikaisha, hakushusha hata kontena moja, na wenzake walifanya kazi yake kimya kimya. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa leo kazi ilikuwa nyingi. Mpaka leo mama yake Balqees anaamini hivyo.

Mtihani wa mwisho wa muhula alipata sitini na moja. Si alama za kutangaza, lakini alizisema kama zilivyo.

Sasa yuko mwaka wa tatu. Yuko wodi ya wanawake katika hospitali moja ya serikali, na wagonjwa bado humuuliza kwao wapi. Wazee wetu wa Kiswahili humshika mkono wakamsemesha, naye amejifunza sentensi moja ya kuwajibu, "Mimi wa Lyari, Karachi, bibi, nionyeshe panapouma." Anaitamka vibaya, na wanampenda kwa hiyo. Kiarabu cha wodini amekipata cha kutosha. Bi Khole alilazwa mwezi wa pili, akamtaka Balqees, akamwita Makunduchi mbele ya daktari, na Balqees akamwacha amwite, kwa sababu kikongwe alikuwa na homa na alikuwa ameogopa.

Resty alimaliza mkataba wake mwaka jana, akarudi Uganda. Yuko katika duka la dawa Masaka, na anasema ameomba nafasi ya kurudi chuoni, bado hajaitwa. Balqees humtumia picha za daftari zake zote. Msichana tuliyempata badala yake, niliyemuuliza siku ya kwanza amesoma nini, alisema ushoni, na ni kweli, kanishonea mapazia.

Ijumaa iliyopita nilipika samaki wa kupaka na pilipili nyingi, nikangoja. Saa saba Balqees akaniletea ujumbe kuwa wamekwenda Qantab, ufukweni, na wasichana wa dakhalia, yule wa Lahore kaazima gari ya ami yake, wamesahau kuniambia, nisimkasirikie. Akatia na picha, wamekaa sita kwenye mchanga, wanakula chipsi, na mmoja wao amevaa mtandio wa manjano wa Balqees. Nilimwonyesha Amur. Akasema basi sisi tule, samaki anapoa.